Kokoto Nilizozitupa

Jumatatu, 3 Machi

Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize shule ni kubeba mawe. Wenzangu niliosoma nao wakiniuliza nitawaambia niko "ofisini kwa Mama mdogo", na ukweli nitakuandikia wewe, daftari, kwa sababu wewe hucheki.

Si mawe hasa, ni vifusi. Nyumba zikibomolewa, malori huleta hapa vipande vya kuta na sakafu, mashine inavisaga viwe kokoto, na kokoto hizo zinarudi kwenye zege jipya badala ya watu kwenda kupasua mlima mwingine. Shida ni kwamba kila kokoto imebeba mgongoni saruji ya zamani. Saruji hiyo ni laini, ina matundu, inanyonya maji kama sponji, na zege lake linatoka dhaifu. Kwa hiyo hapa zinatengenezwa upya. Kwanza zinatiwa kwenye pipa kubwa linalozunguka, zinagongana zenyewe kwa zenyewe mpaka ile saruji ya zamani ibanduke. Kisha zinaogeshwa kwenye tangi la uji mwepesi wa saruji, zinaanikwa, na matundu yanazibika.

Anayeogesha ni dada mmoja ambaye kila mtu anamwita Redio. Nilidhani anapenda muziki. Kumbe ni kwa sababu haoni haja ya kunyamaza.

"Wewe ndiye mtoto wa dada yake bosi?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Una ulimi?"

Nikaitikia tena.

"Basi utunze vizuri. Wangu umeshaanza kulika."

Jumanne, 4 Machi

Mgongo unauma. Jina langu jipya ni Bibi Kimya.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimepewa kazi ya maana.

Mama mdogo aliniita ofisini kwake, chumba kile chenye kalenda tatu ukutani, zote za miaka iliyopita. Hakuinua macho. Mimi bado namwogopa kidogo. Mama yangu husema mdogo wake alizaliwa akiwa na haraka.

"Tangi la Redio linanimalizia saruji," alisema. "Nataka kujua kama pipa peke yake halitoshi. Kuna kazi ya mifuniko ya mtaro, barabara yote ile inayopita mbele ya kliniki na shule ya watoto wadogo. Nikiweza kushusha bei, ni yangu. Wewe ulisoma sayansi, au ulikuwa unalala?"

"Nilisoma."

"Jaza ndoo moja kutoka lundo la pipa tu. Jaza nyingine kutoka lundo la Redio. Saruji, mchanga, maji, vyote viwe sawasawa. Tengeneza michemraba ya zege, mpimaji wa chuo cha ufundi ataivunja kwenye mashine yake atuambie ipi ina nguvu."

Nilifanya polepole ili nisikosee. Kwenye lundo la pipa niliona vitu vibaya: vipande vya tofali, magamba ya lipu, kokoto zilizotoka kwenye pipa na saruji yao ya zamani bado imeng'ang'ania. Nikachuchumaa nikazichambua kama mtu anayetoa vijiwe kwenye mchele. Zote mbovu nikazitupa pembeni. Kwenye ndoo ya Redio sikutoa kitu, maana zilishavaa ule uji wa kijivu na zote zinafanana. Nikachanganya, nikajaza kwenye kalibu za chuma, nikashindilia, nikasawazisha juu kwa mwiko.

Mama mdogo alipita akaangalia. "Mkono wako ni msafi," alisema, akaenda zake. Nimefurahi mpaka sasa.

Jumanne, 11 Machi

Redio amenifundisha kujua kokoto iliyo tayari kuingia kwenye zege. Unaifinya kwenye kiganja. Ngozi iwe kavu, tumbo liwe limeshiba. Ikiwa na kiu itanyonya maji ya zege, na ikiwa imelowa nje itaongeza maji ambayo hukuyapima.

"Kama mume," alisema. "Akija na kiu atakumalizia, akija amelowa atakuharibia zulia."

Nilicheka kwa sauti. Fundi wa zege, yule anayechanganya kwenye mashine, akaacha koleo lake akatazama kama amesikia paka akizungumza.

Jumatano, 12 Machi

Mpimaji amevunja michemraba ya mwanzo, iliyotimiza wiki moja. Amesema ni mizuri, tungoje iliyobaki itimize wiki nne, ndipo zege husema ukweli wake.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imeanza. Bati la jikoni linavuja mahali pale pale pa mwaka jana.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Redio ana binti wa darasa la pili ambaye pia haishi kuongea. "Nyumbani kwangu," anasema, "anayesikiliza ni ukuta." Aliniuliza nataka kuwa nani. Nikamwambia nataka kuwa mpimaji, kama yule wa chuoni. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Hakufanya mzaha. Alisema tu, "Basi mimi ndiye nitakuwa nakuletea mawe."

Jumatano, 2 Aprili

Mpimaji alikuja mwenyewe. Michemraba ya pipa tu na ya Redio imekaribia kulingana, ila ya pipa imezidi kidogo. Alimwambia Mama mdogo kwamba hakutegemea, lakini mashine yake haijui upendeleo.

Mama mdogo alinikumbatia. Nguo zake zilinukia vumbi na sabuni. "Huyu mtoto amenipa barabara nzima," alimwambia mpimaji. "Mwezi wa tisa naomba umtafutie nafasi chuoni kwako."

Mpimaji akasema mtu mwenye mkono kama huu atamtafutia hata ikibidi kumtoa mwingine.

Mama alipika vizuri leo. Usingizi hauji kwa furaha.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama mdogo amelifunga tangi. Alimwita Redio ofisini, akamlipa mpaka mwisho wa mwezi, akamshukuru. Mlango ulikuwa wazi nikasikia.

"Si kwamba umekosea," Mama mdogo alimwambia. "Ni kwamba imeonekana kokoto hazihitaji kuogeshwa."

Redio alikaa kimya kidogo, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka miwili nimekuwa naogesha watu waliokwishaoga." Wakacheka wote wawili.

Alipotoka alinivulia glavu zake akanipa. "Usinitazame hivyo, Bibi Kimya. Hajafa mtu."

Nilitaka kumwambia pole. Nilisema, "Asante, dada."

Jumatatu, 7 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mifuniko imeanza kutengenezwa tangu Ijumaa. Leo niliwekwa kulisha mashine ya kuchanganya zege. Natakiwa kuchota kokoto kutoka lundo la pipa, koleo baada ya koleo, na fundi wa zege anatia saruji na maji. Koleo la kwanza nilipoliinua niliona kipande cha tofali. Nikakitoa. Chini yake magamba ya lipu. Nikatoa. Kisha kokoto tatu zilizobeba saruji ya zamani kama mzigo.

"Vipi, unatafuta dhahabu?" fundi wa zege alisema. "Mimina."

Nikasimama na koleo mkononi. Kilichokuwa ndani ya koleo hakikufanana na kilichokuwa ndani ya ndoo yangu ile siku. Hata kidogo.

Ndoo niliichambua. Lundo hakuna aliyelichambua na hakuna atakayelichambua. Mashine ya mpimaji haikupima lundo hili, ilipima ndoo yangu. Na ya Redio sikuichambua kwa kuwa ubaya wake haukuonekana. Kama ningejaza ndoo zote mbili kwa koleo bila kugusa kitu, ya Redio ingeshinda. Ingeshinda wazi.

"Mimina basi, binti."

Nikamimina.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikusudia kumwambia Mama mdogo asubuhi. Alikuwa kwenye simu, anamwambia mtu, "Mpimaji wangu ni mtoto wa dada yangu," akanikonyeza.

Badala yake, wakati wa mapumziko nilienda kwenye lundo nikaanza kuchambua. Nimetoa ndoo mbili za uchafu. Pipa likaanza tena, likatema rundo kubwa kuliko lile nililomaliza.

Jumatano, 9 Aprili

Nimechambua. Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimechambua. Kucha mbili zimepasuka. Fundi wa zege analalamika kwamba zege la siku hizi lina kiu, linakauka kabla halijashuka kwenye karai. Nimemwona anaongeza maji. Najua kwa nini lina kiu. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Jumamosi, 12 Aprili

Redio alikuja kuchukua viatu vyake vya mpira. Akakaa getini kwenye ndoo iliyopinduliwa akawasimulia madereva wa malori habari zake. Sasa anafulia watu nguo.

"Nilipokuwa hapa naogesha mawe, sasa naogesha mashati," alisema. "Tofauti ni kwamba shati likitoka majini unaona limetakata. Haya mawe nilikuwa nayaamini tu." Akanigeukia. "Unajua niliwahi kumpigia kelele mwanangu? Aliniambia, mama, kuosha mawe si kazi. Nikamwambia mifuniko yote unayokanyaga mjini imesimama kwa mkono wangu. Ikabidi juzi nimwombe msamaha, maana yeye ndiye alikuwa sahihi."

Madereva walicheka. Hata yeye alicheka. Mimi nilitazama viatu vyake vya mpira, vimepauka kijivu mpaka magotini kwa ule uji, na nilikuwa na neno lote zima mdomoni, limekaa tayari, na nikalimeza.

Aliniambia nimekonda.

Jumanne, 15 Aprili

Nimechambua. Mama mdogo amenikuta nachambua wakati wenzangu wanakula. Amewaambia wote wajifunze kwangu. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mifuniko imepangwa uani chini ya magunia yenye maji, safu kwa safu. Nikipita katikati yake naiona kama watu waliolala ambao nimewafunika mimi.

Nimegundua kitu kuhusu Mama mdogo. Nilidhani ni mkali. Ni mtu ambaye hajapumzika. Leo alisinzia mezani kidole kikiwa bado juu ya kikokotoo. Nilimwangalia nikajisikia vibaya zaidi kuliko kama angekuwa mbaya.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia Mama.

Alikuwa anashona mapazia ya watu. Nilimweleza yote kuanzia ndoo. Hakusimamisha cherehani mpaka nilipofika kwa Redio.

"Umemwambia mama yako mdogo?"

"Bado."

"Usimwambie." Akalainisha kitambaa kwa kiganja. "Sikiliza, mwanangu. Ameshasaini kazi ile. Amenunua nondo. Ukimwambia leo utamwangusha, na ndiye aliyekulipia ada ya shule mpaka ukamaliza. Na chuo je? Mifuniko ile ina nondo ndani, haitavunjika kwa kukanyagwa na watoto."

"Na gari likipanda juu?"

Mama aliinamia cherehani. Akapachika uzi kwenye tundu la sindano, akakosa, akapachika tena.

"Na Redio?"

"Redio ni mtu mzima," Mama alisema. "Atapata kazi." Lakini alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu asichopenda kusoma.

Nitajaribu kumtii.

Alhamisi, 24 Aprili

Sikuweza.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimetengeneza michemraba mipya. Nilisubiri fundi wa zege aende kunywa chai, nikasimama mbele ya lundo la pipa, nikageuza uso nikatazama ukuta, nikachota. Kila kilichopanda kwenye koleo kiliingia kwenye ndoo, tofali, lipu, vyote. Maji niliyapima kama anavyoyatia fundi wa zege siku hizi, si kama nilivyoyapima mara ya kwanza. Kesho mpimaji atakuja kuchukua sampuli za mchanga, nitamwomba aondoke na hii pia, aivunje ikitimiza wiki.

Niseme ukweli hapa kwa kuwa kwingine sisemi. Sikuitengeneza ili ijulikane. Niliitengeneza nikiwa na tumaini kwamba itakuwa na nguvu. Kwamba mashine itaniambia, ulikuwa unajitesa bure, nyamaza sasa kwa amani. Nilikuwa nakiomba chuma cha watu kinisamehe.

Jumatano, 30 Aprili

Mitaro imefurika. Wenye barabara, waliotupa kazi ya mifuniko, wamepiga simu kila siku kuulizia mifuniko, na Mama mdogo amekubali safu ya kwanza ipelekwe, ile iliyotengenezwa mapema Aprili. Lori limeondoka asubuhi. Mchana nilipita huko makusudi. Mifuniko imelala juu ya mtaro, mipya, imenyooka, na mwanamke mmoja alikuwa anaupiga deki mfuniko ulio mbele ya mlango wake kama sehemu ya baraza yake.

Ijumaa, 2 Mei

Nitaandika yote hata mkono ukichoka.

Mpimaji alikuja saa nne, mvua kubwa, amefunika karatasi zake kwa mfuko wa nailoni. Aliingia ofisini bila kukunguta viatu. Mimi nilikuwa mlangoni na fundi wa zege, tumekuja kuuliza habari ya mchanga.

"Hizi sampuli za zege zimetoka lundo gani?" alimwuliza Mama mdogo.

"Zipi?"

"Za wiki moja. Alizonipa binti. Zimeshuka karibu theluthi kutoka zile za mwezi wa tatu. Kwa mifuniko ya barabarani, mimi singeziweka."

Mama mdogo alinitazama, lakini hakunifikiria mimi. Akili yake ilienda moja kwa moja kwa mtu mwingine.

"Umeongeza maji," alimwambia fundi wa zege.

"Nimeongeza, bosi. Nitafanyaje? Kokoto zinayanyonya yote, zege halitoki kwenye karai."

"Nani alikuruhusu? Nimekupa kipimo, wewe unatia maji kama unamwagilia mchicha. Unajua nimeshapeleka lori zima? Vua hilo ovaroli uniachie hapo mezani."

"Bosi, mimi nina miaka tisa hapa."

"Na ndiyo maana unajiona unaweza kufanya utakavyo. Vua."

Alianza kufungua vifungo. Mikono yake ni minene, ina nyufa za saruji, na kifungo cha juu kilikuwa kinamkataa. Sijui mtu anaamuaje kusema. Sikuamua. Niliona kile kifungo tu, nikawaza, wa kwanza alikuwa Redio na sasa huyu, na nikasikia sauti yangu.

"Ni mimi."

Hawakusikia kwa mvua ya juu ya bati. Nikasema tena.

"Mama mdogo, ni mimi. Si maji. Yaani ni maji, lakini kokoto zina kiu kwa sababu hazijaogeshwa. Na mlilifunga tangi kwa sababu yangu. Ile ndoo ya kwanza niliichambua. Nilitoa mbovu zote za pipa. Za Redio sikutoa hata moja kwa sababu hazikuonekana. Haikuwa sawasawa."

Mpimaji aliweka karatasi mezani. Yeye ndiye aliyeelewa wa kwanza, nilimwona anafumba macho.

"Uliichambua," Mama mdogo alisema.

"Nilidhani ndio usafi."

"Na umejua lini kwamba sio?"

Hapa ningeweza kusema leo. Mlango huo ulikuwa wazi kabisa.

"Tarehe saba mwezi uliopita."

Alikaa chini. Hakupiga kelele. Nilizoea kelele zake na zingenisaidia.

"Kukosea kupima," alisema polepole, "hilo ningekufundisha. Mwenyewe nimekosea mara nyingi. Lakini tangu tarehe saba umekuwa unakula na mimi mchana, sahani moja, unanipasia chumvi." Akasukuma karatasi za mpimaji pembeni. "Na mimi nikawa nawaambia watu wajifunze kwako."

Kisha akamgeukia fundi wa zege. "Funga vifungo. Nisamehe." Akamgeukia mpimaji. "Hata wewe ulishangaa siku ile, nikaona mshangao wako. Sikukuuliza, kwa sababu jibu lilikuwa tamu." Akachukua simu kuwapigia wenye barabara, akaziba kipaza sauti kwa kidole gumba akaniambia bila kunitazama:

"Redio utamwita wewe. Usinitumie mimi."

Jumamosi, 3 Mei

Redio anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Kamba za nguo zimepita juu kutoka ukuta hadi ukuta kwa sababu ya mvua, mashati ya watu yanadondosha matone kwenye mabeseni. Binti yake alikuwa anafanya hesabu sakafuni.

"Bibi Kimya," alisema Redio. "Umekuja kwa miguu yako? Leo mvua itakatika."

Nilisimama katikati ya mashati nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio, kuanzia ndoo, mpaka tarehe saba, mpaka siku aliyofuata viatu nikanyamaza. Nilikuwa nimejizoeza njiani. Nilipomaliza alikuwa ameshika shati moja kwa mabega yake, hajalianika wala hajaliweka.

"Kwa hiyo tangi lilikuwa linafanya kazi," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Miaka yote miwili."

"Ndiyo."

Nilidhani atacheka. Nadhani nilikuja nikitegemea atacheka, atanipa jina jingine, mambo yaishe. Alilianika shati, akalinyoosha kola.

"Kazi nimeshapoteza nyingi," alisema. "Hiyo haikuniuma sana. Unajua nilichokuwa nafanya usiku? Nilikuwa nikijicheka. Nawaza, mjinga wewe, ulisimama kwenye uji ule mpaka miguu ikababuka, unajisifu kwa mtoto, kumbe unacheza matope. Umenifanya nimwombe msamaha mtoto kwa kusema kweli. Na ulikuwa umekaa pale getini unanisikia."

Binti aliacha kuandika.

"Nisamehe, dada."

"Sijui," Redio alisema. "Nenda. Mwambie bosi nitakuja Jumatatu. Nakuja kwa ajili ya tangi."

Nje mvua ilikuwa haijakatika.

Jumapili, 4 Mei

Mama ameniuliza kama nimekula. Hajaniuliza lingine. Jioni nilimsikia kwenye simu na mdogo wake, analia, anasema, "Nilimzuia mimi, lawama ni yangu pia." Sikujua Mama anaweza kusema hivyo.

Chuo sijakiuliza. Sitakiuliza.

Jumatatu, 5 Mei

Kabla tangi halijafunguliwa, Mama mdogo aliamuru safu yote iliyokwisha kuwekwa iondolewe. Wenye barabara wamempa mwezi mmoja atengeneze upya kwa gharama yake, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine. Mifuniko itarudi kwenye mashine isagwe iwe kokoto tena, ipite kwenye pipa, ioge.

Tulikwenda na lori, fundi wa zege, Mama mdogo, madereva wawili, Redio na mimi. Mvua nyembamba. Kila mfuniko unainuliwa kwa mitaimbo pembeni kisha unabebwa na watu wanne. Mama mdogo alitupanga bila kufikiri, au alifikiri sana, kwamba mimi na Redio tushike upande mmoja. Zege zito halibebeki bila kuongea. Inabidi mtu aseme inua, aseme shusha, la sivyo mwenzako anapoteza vidole.

"Inua," alisema Redio. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumamosi.

Tukainua.

"Shusha."

Hakuna kingine. Na madereva aliongea, akawatania matumbo yao, akauliza habari za wake zao. Kwangu inua na shusha.

Mbele ya mlango wa tatu alitoka yule mwanamke niliyemwona anapiga deki. Alishika kiuno akatazama mtaro wake uliobaki wazi, na mbao tulizolaza juu yake kwa muda.

"Jamani, mnaondoa nini? Si mmeiweka juzi tu? Mizuri kabisa."

Kila mtu alijua nani huwajibu watu wa barabarani. Madereva wakamtazama Redio. Redio alifuta uso kwa kiwiko, akanigeukia, akangoja. Hakunisaidia na hakunisukuma. Alingoja tu, na yule mwanamke naye akaanza kunitazama, na Mama mdogo akasimama na mtaimbo wake.

"Haina nguvu tuliyosema inayo," nilisema. Sauti ilitoka ndogo nikairudia. "Mimi ndiye niliyepima, nikapima vibaya, na nilipojua nikanyamaza. Kokoto zake zilitakiwa kuogeshwa. Dada huyu alikuwa anaziogesha vizuri, wakamwondoa kwa sababu ya kipimo changu. Gari likipanda juu inaweza kukatika."

Mwanamke alinitazama kuanzia viatu. "Mwanangu anapita hapa kila asubuhi," alisema.

"Najua."

"Unajua halafu unanyamaza."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na kiti cha plastiki akakiweka mbele ya zile mbao ili mtoto asipite. Redio akainama akashika upande wake.

"Inua," alisema.

Waliuliza pia kwa kinyozi, na mlangoni pa kliniki, na mzee mmoja aliyetaka kujua kama ni wizi. Kila mara Redio alingoja na kila mara nilisema, na neno hilo halikuwa jepesi zaidi, ila nilijua sasa linaanzia wapi. Mbele ya nyumba ya mwisho alikuwapo mwanamume amekaa barazani anamenya chungwa. Yeye hakuuliza kitu. Tuliinua, tukashusha, nikafuta mikono, nikamwendea nikamwambia.